Mtoto wa Lusiana

Taasisi ilipogawa mikoa ya utafiti, wenzake walikimbilia Kilimanjaro na Morogoro. Ritha Gwakisa aliomba Lindi. Mkuu wake wa idara pale Dodoma alimtazama kama mtu aliyejiombea adhabu, akamuuliza kulikoni. Ritha akajibu kwamba wazee wa kusini hawajaandikwa vya kutosha katika tafiti za hifadhi ya jamii. Jibu lilikuwa la kweli, ila halikuwa kweli yote.

Kweli iliyobaki aliificha hata mbele ya nafsi yake, mpaka siku gari la mradi lilipotoka Masasi kuelekea Nachingwea na harufu ya salfa ikaingia dirishani. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho dawa hiyo. Dereva alikohoa, akapandisha kioo. Ritha akamwomba akishushe tena. Aliivuta ile harufu kali mpaka macho yakamuuma, na Filbert, mtafiti mwenzake aliyekaa kiti cha nyuma, akadhani ni vumbi.

Ilikuwa harufu ya nguo za Lusiana.

Baba yake Ritha, Mwalimu Gwakisa, alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe aliyeletwa Nachingwea na ualimu, akiwa na mke kijana na mtoto mchanga. Mke alikufa kwa malaria kabla Ritha hajajua kusema mama. Ndugu walikuwa Rungwe, mbali, na barabara za miaka ile kila mtu anazijua. Akina mama wa parokia wakamtafutia mwalimu mtu wa kumlelea mtoto, ndipo akaja Lusiana: Mmwera, mkulima, mjane aliyekuwa amemzika mwanawe wa pekee mwaka uleule. Alikuja kushika nafasi kwa mwezi mmoja tu, hadi bibi wa mtoto afike kutoka Rungwe. Bibi hakufika. Lusiana akakaa mpaka Ritha alipoingia darasa la nne.

Alimbeba mgongoni hadi watoto wengine wakaanza kumcheka. Alikwenda naye porini wakati wa kiangazi kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, akamfundisha kuifuata mizizi yake ardhini bila kuikata, kisha wakaichemsha na kuila kwa chumvi, wawili, kwenye kizingiti cha nyumba ya mwalimu. Jina la Ritha lilimshinda. Kinywa chake cha Kimwera kililigeuza likawa Lita, na tangu hapo hata baba mtu, akiwa na furaha, alimwita mwanawe hivyo.

Kisha Mwalimu Gwakisa akahamishiwa Sumbawanga. Siku ya safari Lusiana aliamka kabla ya wote, akachemsha ming'oko, akaifunga kwenye kitambaa, akaiacha mezani na kwenda zake shambani. Stendi hakuonekana. Ritha alichungulia dirisha la basi mpaka nyumba za Nachingwea zikaisha na mikorosho nayo ikaanza kupungua. Hakulia. Alijiambia kwamba mtu aliyeajiriwa kulea, kazi ikiisha, huenda kwao. Ndivyo alivyosikia watu wazima wakisema. Alikua na maneno hayo, akayasomea, akayazeekea. Baba yake alioa tena, mama wa kambo hakuwa mbaya, maisha yakaenda. Lakini kila alipougua, hata akiwa mwanamke mzima mwenye shahada mbili na ofisi yake, mkono aliotamani uwekwe kwenye paji la uso wake ulikuwa mkono mmoja tu, mkavu, wenye sugu za jembe.

Kazi iliyomrudisha kusini ilikuwa hii: kujua mzee anapoishiwa nguvu humwegemea nani. Serikali, kanisa, msikiti, jirani, mtoto aliye mjini, au hakuna. Mpango wa kusaidia kaya maskini ulikuwa umefika vijijini siku nyingi, na majina ya wanaostahili yalipitishwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano wa hadhara. Ritha na Filbert walikuja kuwauliza waliobaki nje walibaki kwa nini.

Nachingwea walikaa wiki nzima. Jioni moja, kazi ilipokwisha, Ritha alitembea peke yake hadi kwenye nyumba za walimu. Ile yao ilikuwa bado imesimama, imepakwa rangi mpya, na mwalimu kijana kutoka Kagera alikuwa anaishi humo na familia yake. Walimkaribisha ndani kwa ukarimu. Alisimama sebuleni akitafuta kitu cha kusema, akasema kwamba kilichokuwa chumba chake kilikuwa kidogo zaidi ya alivyokumbuka. Alipotoka alipita parokiani kuulizia, akaelekezwa kwa mama mtu mzima aitwaye Gaudensia, mjane wa katekista, ambaye ndiye aliyebaki miongoni mwa wale waliojuana na Lusiana.

Gaudensia alimweleza kwamba Lusiana aliondoka zamani. Kaka yake alipofariki, watoto wa kaka waligawana shamba, naye akaenda kwa wajomba zake upande wa Ruangwa, huko Chunyu. Kama yu hai au hayupo, hakujua. Alimkagua mgeni wake usoni, kisha akamuuliza kama yeye si yule mtoto wa mwalimu. Ritha akaitika.

"Basi lenu lilipoondoka," Gaudensia akasema, "mwenzangu alikaa muda mrefu anapika chakula cha watu wawili. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kukila hicho cha pili, kisiharibike."

Ritha alirudi nyumba ya wageni. Yale maneno aliyokua nayo, ya mtu aliyeajiriwa, yalikuwa yamepata ufa.

Katika mgawanyo wao wa vijiji, Chunyu ilikuwa ya Filbert na Mbwemkuru ilikuwa yake. Alimwomba waanze Chunyu, na waende wote wawili. Filbert hakuwa na neno, ila alipompigia simu mtendaji wa kijiji akaambiwa wasije siku ile waliyoitaka. Timu ya Namungo ilikuwa inacheza nyumbani, Ruangwa mjini, na mkutano ungekuwa wa wao wawili na mbuzi. Ikabidi wangoje. Siku ya mechi Ritha aliketi chumbani Ruangwa mjini, kelele za mashabiki zikipanda na kushuka kama mvua ya mbali, naye hakuandika hata mstari mmoja. Alikuwa amengoja miaka yote ile bila kujua kwamba anangoja. Sasa siku moja tu ilimshinda.

Mtendaji, Idd Rashidy, aliwapokea ofisini kwake kwa bashasha. Alikuwa mtu wa Tanga, amezunguka vituo vingi vya kazi, na alipenda kueleza. Waliongea kuhusu wazee waliobaki nje ya mpango. Wengine, alisema, walikuwa safarini siku ya mkutano. Wengine wana mikorosho ya kutosha, ila wanaificha kwa majina ya wapwa. Filbert alikuwa anaandika, Ritha anaandika.

"Na yupo bibi mmoja alitushinda," Idd akaendelea.

Bibi huyo, alieleza, ukuta wa nyumba yake umeegemea mti. Magoti hayampeleki popote, maji anachotewa na jirani. Majirani wenyewe ndio waliopendekeza jina lake, na hakuna aliyepinga. Kilichobaki ni swali la utaratibu: je, anaye mtoto mwenye uwezo? Lilikuwa swali la kupita tu, kwa kuwa kijiji kizima kilijua hana. Angekaa kimya, mambo yangeisha. Badala yake akajiinua kwa fimbo yake, taratibu, akasimama mbele ya mkutano na kusema kwamba anaye. Anaye binti, amesoma, yuko mjini, anaitwa Lita. Watu wakatazamana. Utaratibu ni utaratibu, na jina likapita bila kuandikwa. Mwaka uliofuata mkutano ukaitishwa tena, akaombwa kabla, kwa upole, asiseme. Akasema yaleyale.

"Kuna wanaosema akili zimemruka," Idd akamalizia. "Mimi naona ana akili zake zote. Ndiyo maana nikasema alitushinda."

Filbert aliinua kichwa kuuliza swali linalofuata, akakuta Ritha ameweka kalamu mezani na viganja vyake vimeshika ukingo wa meza. Alimuuliza kama anaumwa. Ritha akatikisa kichwa, akamwomba mtendaji amwelekeze nyumba hiyo iko wapi, akasema atakwenda peke yake.

Ilikuwa mwisho wa kijiji, ambako njia ilipinda kuingia mashambani. Lusiana alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, ungo wa mbaazi mapajani, anachambua. Amekuwa mdogo. Hilo ndilo lililomgonga Ritha kwanza: mwili ule uliokuwa mkubwa kuliko milango sasa ungeweza kubebwa mgongoni. Mikono tu ndiyo ilikuwa ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ninyi ndio wageni wa utafiti?"

Sauti haikuwa imezeeka. Ritha alitaka kujibu, na maneno yote aliyoyaandaa njiani yakamkimbia. Alichuchumaa pembeni ya mkeka. Aliyasema yale mawili aliyokuwa nayo, na jina lile hakuwahi kulitamka mwenyewe hata siku moja, kwa sababu lilikuwa jina la kuitwa, si la kujiita.

"Ni Lita."

Mikono ya Lusiana ikasimama juu ya mbaazi. Alimtazama muda mrefu, kwanza uso, kisha mabega, kisha miguu yenye vumbi, kama mtu anayekagua kilichorudishwa kama kimerudi chote. Kisha akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Umechelewa kula," akasema.

Alimpa ugali wa muhogo uliopoa na kisamvu, na Ritha akaula wote huku machozi yakimtiririka, bila kuyafuta. Lusiana hakumwambia anyamaze. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo, kama anayepima homa.

Waliongea mpaka kivuli cha nyumba kikaufunika mkeka. Ritha alimsimulia Sumbawanga, kifo cha baba yake, masomo, ndoa iliyovunjika, mtoto wa kike aliyeko shule ya bweni. Lusiana alisimulia kidogo. Mwishowe Ritha akauliza lile alilolibeba tangu dirisha la basi: kwa nini hakuja stendi.

"Ningekuja ningekuvuta nje," Lusiana akasema. "Najijua. Ningekuvuta mbele ya watu, nimwaibishe baba yako. Nikaenda shamba la mbali kabisa ili nisisikie honi. Nikaisikia hukohuko."

Na swali la mkutano? Ritha alimwambia, kwa upole lakini si bila uchungu, kwamba angeweza kunyamaza tu. Angekuwa anasaidiwa miaka yote hii. Mtoto mwenyewe hakuwa anajua hata kama mlezi wake yu hai.

Lusiana alirudia kuchambua mbaazi zake. Alieleza kwamba neno lile, sina mtoto, alikwisha kulisema mara moja mbele ya watu, siku walipomfukia Alfred wake, mwanawe wa kumzaa, na padri mgeni akamuuliza kama anao wengine. "Nilisema sina, na ardhi ikafungwa. Nikisema tena ni kama nakufukia na wewe. Ukuta ukianguka utajengwa. Wewe ningekujengea wapi?"

Miaka yote ya kazi yake Ritha hakuwahi kulifikiria swali lile kwa upande wa anayeulizwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameliweka kwenye madodoso mengi, katikati ya paa la nyumba na chanzo cha maji.

Kesho yake mambo yalikuwa ya kazi. Ritha alimpigia simu mkuu wake, akamweleza. Kanuni za utafiti zilikataza kumhoji ndugu, na walipojadili kama mlezi ni ndugu, Ritha alisema ni ndugu. Ikaamuliwa Filbert amhoji, na Ritha asiwepo. Akakaa nje upande wa jua, kwenye kinu kilicholazwa, lakini nyumba ya udongo haina siri, na kila neno lilimfikia.

Filbert alikuwa na adabu. Aliuliza umri, dini, shamba, afya. Kisha akafika mahali pale, na Ritha akasikia sauti yake ikipungua.

"Mama, una watoto wangapi walio hai?"

"Mmoja."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumlea."

Ritha alijua kwamba dodoso halina nafasi ya jibu hilo, na kwamba Filbert anageuza kalamu vidoleni kama afanyavyo akikwama. Hatimaye aliuliza linalofuata, kama mtoto huyo anamtunza.

Nje, Ritha alisogeza kichwa karibu na ukuta.

"Nilikuwa sijui kama ananikumbuka," sauti ile ikasema. "Juzi ungeniuliza ningekujibu kwa kiburi tu, kama nilivyowajibu wale wa mkutano. Sasa najua. Andika kwamba ananikumbuka. Hayo mengine yatakuja au hayatakuja."

Filbert alipotoka hakumtazama Ritha machoni. Alimwambia tu kwamba amemaliza, kisha akaenda garini akakaa na dereva.

Siku zilizobaki Chunyu, Ritha alikuwa anakuja kila kazi inapoisha. Alileta mafundi, ukuta ukabomolewa na kusimamishwa upya kwa matofali ya kuchoma. Alizungumza na Zulfa, yule jirani anayechota maji, mwanamke wa umri wake, aliyekuwa akifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Wakabadilishana namba za simu. Na siku moja, wakipika, alilitoa lililokuwa moyoni. Alimwomba Lusiana aende naye Dodoma. Nyumba ipo, hospitali ipo karibu, kanisa liko mtaa wa pili.

Lusiana alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza Ritha anatoka kazini saa ngapi, na Ritha akasema ukweli, kwamba jioni, na siku nyingine usiku, na mara nyingi anakuwa safarini.

"Kukungoja hapa nimeshazoea," Lusiana akasema. "Nina mbaazi, nina Zulfa, watu wanapita. Huko nitakungoja ndani ya geti, simjui hata wa kumsalimia. Hapana, Lita. Nitakungoja hapahapa."

Alimsihi jioni tatu mfululizo. Akaona kwamba anamchosha, akaacha.

Kutoka Chunyu waliendelea na kazi yao, na Ritha akaanza kusikia alichokuwa hakisikii zamani. Mbwemkuru walikutana na mzee Eustakio, aliyeachwa nje kwa kuwa alitaja kijana wake mchimbaji katika machimbo ya dhahabu ya Namungo. Kijana huyo hakuwa ameonekana miaka mingi, wala hakuna mchimbaji aliyemjua. Mzee aliendelea kumtaja. Kijiji kingine, mama mmoja alimtaja binti aliyeolewa Msumbiji na habari zake zikakatika. Ritha aliacha kuuliza haraka. Aliwaacha wazee wawaongelee watoto wao, wanavyopenda kula, walivyokuwa watundu, na wengi hawakuwahi kuulizwa hayo na mgeni yeyote. Filbert alilalamika kwamba wanachelewa, kisha naye akaanza kuchelewa.

Dodoma, taarifa ilipoandikwa, mahojiano ya Lusiana hayakuingizwa, kwa mujibu wa kanuni. Lakini wale wengine walikuwamo, sura nzima, na Ritha alipendekeza swali la mtoto mwenye uwezo liondolewe kabisa kwenye mikutano ya hadhara, kwa kuwa linawataka wazee wachague kati ya msaada na watoto wao. Mkuu wake alisema hoja ni nzuri na kwamba wenye mpango watajadili. Wanajadili hadi leo. Ritha amekwisha kuitwa kwenye vikao viwili vya kuieleza, na hakuna kikao alichotoka akiwa na uhakika kwamba ameeleweka.

Jumapili, Ritha akishatoka Misa, Zulfa huchukua simu yake akaipeleka kwa Lusiana. Lusiana hapendi simu. Huishika mbali na sikio, husalimia kwa sauti kubwa kama anayeita ng'ambo ya mto, huuliza kama Lita amekula, huuliza kuhusu mjukuu, kisha maneno humwishia. Lakini haikati, wala hamrudishii Zulfa simu yake. Huiweka mapajani, wazi, na kuendelea na kazi yake.

Ritha naye hakati. Huketi jikoni kwake Dodoma, chai inapoa mbele yake, anasikiliza. Kuku. Upepo kwenye mikorosho. Mtu anapita njiani, anasalimia, anajibiwa. Mikono inachambua kitu ndani ya ungo, na mara moja moja sauti inauliza, bila haraka, kama mtu anayemuuliza aliye chumba cha pili:

"Lita, upo?"

"Nipo, mama."